Jogoo Aliyekuja Akiitwa

Vijana wa idara mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, ili wanaoajiriwa sasa wapate cha kujifunza. Nimekubali kwa sababu nimestaafu na asubuhi zangu hazina kazi. Sitaandika nilipanda cheo lini wala nililipwa nini, maana hayo hayakuwa mengi na mnayajua. Na kama mnatafuta maneno ya kutia moyo, muulizeni mwingine. Wapo wastaafu wenye furaha. Mimi nitawaandikia habari za kuku, kazi niliyoipenda kuliko zote, na jinsi ilivyoliwa.

Niliingia Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa treni ya Tabora, ile inayoachana na reli kuu pale Kaliua kisha inatembea kama haitaki kufika. Wakati huo Katavi haikuwa mkoa. Tulikuwa wilaya ya huko mwisho ya Rukwa, na mtu akipangiwa Mpanda ndugu zake walimpa pole. Nilikuwa na cheti changu cha mifugo, begi moja, na viatu vya ngozi ambavyo vumbi la stesheni lilivibadilisha rangi siku ileile. Ofisini nilimkuta Mzee Sikazwe, Mfipa mwenye mvi, msaidizi wa mifugo aliyekuwa anakaribia kustaafu. Yeye ndiye aliyenipa kazi yangu, kwa sababu wakubwa walikuwa safarini.

"Ng'ombe wana wenyewe," aliniambia. "Mabosi wote wanataka ng'ombe, maana ng'ombe ana safari na posho. Kuku hana mtu. Chukua kuku, mwanangu, hakuna atakayekuonea wivu."

Nikachukua kuku. Vifaa vyangu vilikuwa baiskeli ya Kichina isiyo na breki ya nyuma, chupa ya chai ya kubebea chanjo, na vidole. Chupa ya chai niliijaza barafu kutoka kwa masista wa misheni, ambao friji lao lilikuwa linafanya kazi kuliko la kwetu. Vidole alinifundisha Mzee Sikazwe kuvitumia. Unamgeuza tetea, unapima kati ya mifupa ya nyonga: vikiingia viwili au vitatu, anataga, kikiingia kimoja kwa shida, huyo anakula pumba za watu bure. Unatazama kishungi kama kimekolea rangi. Halafu unamshika kifuani kwa mkono mmoja, unatulia, unasikiliza. Kuku mwenye tabia njema atakoroma kidogo na kunyamaza. Mwenye tabia mbaya atapiga kelele kama anachinjwa, na huyo hafai kuzaa. Mzee Sikazwe aliamini tabia ya kuku inarithiwa sawa na rangi ya manyoya, na katika miaka yangu yote sikuona cha kumpinga.

Mtauliza tabia ya kuku inahusu nini. Inahusu sana. Kabla sijafika, watu wa pembezoni mwa mji walikuwa wameleta majogoo ya kuchi kutoka upande wa Tabora ili wapate kuku wakubwa. Wakapata wakubwa kweli, na wakapata vita. Kuchi alipigana na jogoo wa jirani, na mbwa, na mtoto aliyetumwa kuokota mayai. Kule Mwamkulu, kijiji kimojawapo cha pembezoni, nilimkuta mtoto mwenye kovu chini kidogo ya jicho, na mama yake akaniambia bila aibu kwamba jogoo huyo bado yupo, maana ana kilo.

Halafu ikaja mipango ya wakubwa. Yakaletwa majogoo mekundu ya kisasa kwenye matenga, kwa treni, nusu yake yakiwa yamekufa kwa joto. Sharti lilikuwa kwamba anayechukua jekundu lazima aondoe majogoo yake ya kienyeji, ili damu isichanganyike ovyo. Watu wakatii. Mwaka wa kwanza mayai yaliongezeka na sisi tukapongezwa. Mwaka wa pili yale machotara ya kike yakataga vizuri, kisha yakaamka kwenye mayai na kwenda zake. Hayakujua kuatamia. Na wachache walioatamia hawakujua kumfukuza mwewe. Mkulima wa Mwamkulu hana mashine ya kutotolesha. Mashine yake ni kuku. Watu wakabaki na mayai ya kula na hawana vifaranga, na majogoo ya zamani yalikuwa yameshakwenda sokoni kwa amri yetu. Nilipoliandika hilo kwenye taarifa, bosi wangu aliniambia nisilete habari za kukatisha tamaa.

Ndipo nilipoanza kazi yangu mwenyewe, ambayo haikuwa kwenye mpango wowote. Nilitaka kuku mmoja mwenye mambo matatu: atage kama yule mwekundu, aatamie kama wa kienyeji, na awe mpole kiasi kwamba mtoto anaweza kumwinua na kuchukua yai chini yake. Mzee Sikazwe alicheka. Alisema nitastaafu kabla sijampata. Lakini alinipa jina la mtu wa kuanza naye.

Mtu huyo alikuwa Mama Domitila, mjane wa Mwamkulu. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi akiwa msichana, wakaishi kwenye makazi ya wakimbizi, kisha yeye akaolewa huku karibu na mji. Alikuwa na shamba la mahindi, nyumba ya nyasi, na kuku wa kienyeji ambao hakuwauza wakati ule wa amri, kwa kuwa aliwaficha. Hilo lilinifurahisha kuliko kitu chochote nilichokisikia tangu niajiriwe. Nilimpelekea jogoo mwekundu mmoja, yule mtulivu kuliko wenzake, nikamweleza ninachotaka.

"Ego, Bwana Mifugo," alisema, akiitikia ndiyo kwa Kirundi. "Sasa nikuulize. Mkali nimfanye nini?"

"Muuze mjini. Au mchinje."

"Na mpole?"

"Mpole abaki azae."

"Hata akiwa mdogo mdogo?"

"Hata akiwa mdogo, mama. Ukubwa tutautafuta baadaye."

Alinielewa mara moja, na alikuwa mkali kwenye uchujaji kunizidi mimi. Kila vifaranga walipopevuka tulikaa uani kwake asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa, tukawatoa mmoja mmoja. Mimi napima nyonga, yeye anamshika kifuani na kusikiliza. Aliyepita alifungwa kitambaa mguuni: chekundu kama mama yake alitaga sana, cheupe kama mama yake aliatamia mpaka mwisho. Aliyepiga kelele aliingia kwenye tenga la soko. Wakati mwingine nilimwonea huruma tetea mzuri mwenye kishungi kizuri, nikamwambia tumpe nafasi. Mama Domitila alikuwa tayari ameshamtia kwenye tenga.

Tulikwenda hivyo kizazi baada ya kizazi. Kama hamjawahi kuchuja kuku mtaona ni maneno matupu, lakini kuna siku unafika uani, kuku hawakimbii, na unajua kwamba hiyo ni kazi ya mikono yako. Mimi siku hiyo niliipata. Mitetea ilikuwa inatembea katikati ya miguu yangu. Majirani walianza kuja kubadilishana mayai ya kuatamisha, na mimi nikawazuia. Nilisema tungoje kizazi kimoja zaidi, tabia ikae sawasawa, ndipo tugawe kijiji kizima. Nilikuwa sahihi kitaalamu. Hakuna kitu kinachoniuma kama kukumbuka jinsi nilivyokuwa sahihi.

Maana kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, kikaingia. Kila mwaka kinaingia, kabla ya mvua, na kila mwaka tunakijua. Chanjo ilikuwapo. Ilikuwa kwenye friji la mafuta ya taa la ofisini kwetu, na mafuta ya taa yalikuwa yameelekezwa kwenye matumizi mengine, kama tulivyoambiwa. Chanjo iliyopata joto ni maji tu. Nilichanja kuku kwa maji hayo siku kadhaa kabla sijaambiwa ukweli. Mwamkulu ikanuka kuku waliokufa. Kwa Mama Domitila wakabaki mitetea michache na jogoo mmoja.

Jogoo huyo tulimwita Katekista. Alikuwa mwekundu wa kuiva, na shingoni ana madoa meusi aliyorithi kwa wale wa kienyeji waliofichwa. Alitembea mbele ya mitetea polepole, akigeuka kuangalia kama wote wamefuata. Hakuwahi kumrukia mtu. Ulimwita kwa kugonga kibuyu na kupiga ulimi, anakuja, anasimama mbele yako, unamwinua kama unainua mtoto. Alikuwa na kitambaa chekundu na cheupe, vyote viwili. Ndani yake ndimo ilimokuwa kazi yetu yote, maana hapakuwa na mwingine. Alitakiwa kuishi msimu mmoja tu, apande mitetea iliyobaki na mabinti zake wanaokua, na tungekuwa tumevuka.

Basi bosi wangu, yule asiyetaka habari za kukatisha tamaa, akasikia kwamba kuna habari ya kutia tamaa. Akaitangaza mkoani kama mpango wake. Tukaletewa ugeni. Mkubwa wa mkoani mwenyewe, na wasaidizi wake, walikuwa wanakuja Mwamkulu kumwona Katekista.

Nyie mnaoajiriwa sasa mnaweza msijue ugeni wa wakati ule ulikuwaje. Mgeni wa namna hiyo hakaribishwi kwa maneno. Anakula kwanza, na anakula kuku, na kuku huyo hanunuliwi. Anatoka kwenye nyumba za watu. Mtendaji wa kijiji anamtuma mgambo anapita nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba hawezi kukataa, na wengi hawataki kukataa, maana mgeni akiondoka na njaa ni aibu ya kijiji kizima. Mimi mwenyewe nilikula kuku wa namna hiyo miaka mingi. Ukikataa wanakuona una dharau.

Siku hiyo nilikuja na wageni, nimebanwa nyuma ya Land Rover pamoja na pipa la dizeli. Walifika mapema kuliko walivyoagiza, jambo ambalo wakubwa hawalifanyi kamwe, isipokuwa siku ambayo ungeomba wachelewe. Mama Domitila na wanawake wenzake walikuwa wamekwenda kanisani kuchukua mabenchi. Tukaketishwa uani kwa mtendaji, karibu na nyumba ya Mama Domitila, tukanawishwa, chakula kikaletwa: ugali, na kuku wa mchuzi.

Mkubwa alipewa firigisi, kama inavyotakiwa. Akaitafuna taratibu, akatikisa kichwa.

"Huyu kuku ni laini," alisema. "Kule kwetu wa kienyeji unamtafuna mpaka taya zinauma."

Bosi wangu akasema hiyo ndiyo kazi ya idara. Tukala. Nami nilikula paja, na lilikuwa laini kweli.

Tuliponawa, mkubwa akajipangusa mdomo. "Haya, sasa tumwone huyo jogoo wenu."

Mtendaji alimtazama mgambo. Mgambo alikuwa kijana mwenye fimbo, ametokwa jasho mpaka shati limeganda mgongoni. Niliona macho yake kabla hajasema, nikasimama. Nyuma ya jiko kulikuwa na manyoya mekundu, yenye madoa meusi.

"Umemchinja nani?" nilimuuliza.

"Bwana Mifugo, usinikasirikie. Magari yalikuwa yameshafika. Nimekimbiza kuku kijiji kizima, wote wameingia kwenye mahindi. Wale wa kuchi wamenirukia, angalia mkono huu."

"Nakuuliza umemchinja nani?"

"Wengine wote walikimbia," alisema. "Huyu nilimwita tu, akaja."

Nadhani mtu angenipiga ngumi ningeumia kidogo kuliko hapo. Miaka yote ile tulikuwa tunachuja, mimi na Mama Domitila, na kumbe kulikuwa na mchujaji mwingine upande wa pili. Sisi tulibakiza wapole. Ugeni ukija, anayeshikika ndiye anayeliwa, na mkali anabaki kuzaa. Hapo nilielewa kwa nini kuku wa vijiji vyetu vyote ni wakali na wana mbio, na hakuna kitabu chochote cha chuoni kilichokuwa kimenieleza.

Mkubwa alikuwa bado anangoja. Bosi wangu akamnong'oneza. Mkubwa akaangua kicheko.

"Basi ukaguzi umekamilika!" alisema. "Tumemkagua mpaka mifupa!"

Wakacheka wote. Bosi wangu alicheka mpaka akashika magoti. Mtendaji alicheka kwa woga. Katikati ya kicheko hicho Mama Domitila aliingia uani na benchi kichwani. Akaliweka chini. Akaona manyoya. Sikupata hata nafasi ya kumfikia, maana alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mkubwa, kama alivyolelewa.

"Karibuni wageni," alisema. "Mmeshiba?"

"Tumeshiba sana, mama. Asante sana. Una kuku wazuri."

"Ego," alisema. Akainuka, akavuka kwenda kwake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Wageni waliondoka kabla ya saa kumi. Kwenye kikao cha idara kilichofuata tuliarifiwa kwamba kuku wa Mwamkulu wanafaa kwa nyama. Niliomba kuzungumza, nikaambiwa muda umekwisha.

Asubuhi baada ya ugeni nilirudi kwa Mama Domitila na baiskeli yangu nikiwa na jambo moja la kumwambia, na nawaandikia nyie pia kwa sababu litawafaa. Tetea huhifadhi mbegu ya jogoo tumboni mwake. Jogoo akifa leo, mayai ya wiki moja, hata mbili, bado yanaweza kuwa na vifaranga vyake. Nilimkuta ameketi kizingitini anapukuchua mahindi. Nikamweleza. Nikamwambia Katekista bado yupo ndani ya ile mitetea, tusipoteze hata yai moja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mana yanje, Mungu wangu," alisema polepole. "Kwa hiyo bado?"

"Bado, mama."

Tuliokota kila yai. Tukaweka chini ya mitetea iliyokuwa inataka kuatamia, na mengine tukaazima tetea kwa jirani. Nilikuwa napita kila nilipopata nafasi, na nilipata nafasi hata pale ambapo sikuwa nayo. Vifaranga vikaanguliwa, wengi kuliko nilivyothubutu kutumaini. Wengine walikuwa na yale madoa meusi shingoni. Nilikaa uani kwake nikavitazama na nikacheka peke yangu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya siku nyingi.

Muda mfupi baadaye nilipelekwa Kibaoni kushughulikia ng'ombe wa watu wenye ng'ombe, na mvua zikakata barabara. Nilirudi Mwamkulu vifaranga vikiwa vimeshapevuka, wakati wa kuchuja. Niliegesha baiskeli, nikaingia uani, na kuku wote wakaruka juu ya paa.

Nilifikiri nimekosea nyumba.

"Wapole wako wapi?" nilimuuliza.

Mama Domitila alikuwa anapepeta. Hakusimamisha ungo. "Nimeuza mjini. Wengine nimechinja, tumekula na wajukuu."

"Wote?"

"Wote, Bwana Mifugo. Nimechuja kama ulivyonifundisha. Nilimshika, nikasikiliza. Aliyenyamaza akaingia tengani. Aliyepiga kelele nikamwacha." Alipuliza makapi. "Yule aliyenidonoa nimemfanya jogoo."

Nilimkasirikia. Siwezi kuwadanganya, nilipandisha sauti kwa mwanamke aliyenizidi umri, nikamwambia ameua kazi ya miaka. Alinisubiri nimalize. Kisha akaniambia nikae nile, maana sijala. Akamtazama kuku mmoja juu ya paa, akagonga kibuyu na kupiga ulimi kama zamani. Kuku akarukia kwenye mhogo na kutoka huko akapotelea kwenye mahindi. Mama Domitila akatabasamu, tabasamu la kwanza nililoliona usoni kwake tangu ugeni ule.

"Wanataga porini," alisema. "Mayai mengi sipati, mengine yanaliwa na nyoka. Lakini mgambo amekuja hapa mara mbili na fimbo yake, na mara mbili ameondoka na fimbo yake."

Akanipa maharage. Miaka yote niliyofika kwake sikuwahi kuondoka bila kula kuku, na siku ile nilikula maharage, kwa sababu hata yeye mwenyewe hakuweza kumshika hata mmoja. Yalikuwa maharage mazuri. Nilikula nikimchukia yule mkubwa wa mkoani kwa kila tonge, na bado namchukia.